Dawa Inayoua Seli Nzima

Haikuwa enzi za majini wala za masultani wenye pembe. Ilikuwa juzi juzi tu, mchana kweupe, katika nchi moja iitwayo Nchi Ile. Wenyeji wenyewe ndio walioiita hivyo, kwa sababu ukisema "nchi hii" alitokea bwana mwenye miwani nyeusi akakuuliza una maana gani. Ukisema Nchi Ile, hakuna aliyeudhika. Kila mtu alidhani unasema ya jirani.

Ilikuwa nchi yenye utaratibu. Hakuna kitu kilichotumika kabla ya kuzinduliwa. Bomba lilikaa kavu mpaka likatiwe utepe. Mashine ya kuchoma saratani kwa miale ilikuwa bandarini, imefungwa utepe mwekundu vizuri kabisa, ikisubiri mkasi, na mkasi wenyewe ulikuwa bado haujazinduliwa.

Kwa hiyo watu walitegemea miti. Ndipo serikali ikajenga Taasisi ya Miti na Matumaini. Miti ilitoka porini, matumaini yakatoka kwa wananchi, na mshahara ukitoka, hutoka umechelewa.

Mkemia wa Taasisi hiyo alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Sikudhani. Jina hilo alipewa na shangazi yake, Bi Mize, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipomzaa akafumba macho. Kazi ya Sikudhani ilikuwa kutwanga majani na mizizi, kuloweka, kuchuja, kisha kudondoshea yale maji kwenye visahani vya kioo. Ndani ya visahani mlikuwa na seli, yaani vile vijipande vya mwili ambavyo huvioni ila kwa hadubini. Kisahani kimoja kilikuwa na seli za saratani. Cha pili kilikuwa na seli za mtu asiyeumwa. Maana kuua si kazi, hata maji ya moto yanaua. Kazi ni kumpiga mwizi bila kumgusa mwenye nyumba.

Na seli zile za saratani zilistawi! Katika Nchi Ile nzima, ndicho kitu pekee kilichokua kama takwimu za serikali zilivyosema. Sikudhani alizimwagia kila mti unaotajwa sokoni, nazo zikaogelea humo kama watoto mtoni.

Mpaka alipoufikia mkimbizambuzi. Huo ni mti wa kando ya mitaro, majani kijivu, harufu ya soksi. Uliitwa hivyo kwa sababu mbuzi wa Nchi Ile, ambaye hula hata gazeti la serikali na vichwa vyake vya habari, akiufikia mti huo hukunja pua akapita upande wa pili. Sikudhani akadondosha maji yake leo, akatazama kesho. Kisahani cha saratani, kimya. Cha pili nacho, kimya. Mwizi kafa na mwenye nyumba kafa.

"Lo," akasema, akavuta ndoo ya klorini ili akamwage.

Hapo king'ora kikalia nje.

*

Mheshimiwa Mavumo, Waziri wa Afya, Furaha na Takwimu, alikuwa amekuja kuzindua choo kipya cha Taasisi. Utepe ulikuwepo, wimbo wa taifa ulishaimbwa, televisheni ilikuwa hewani. Ufunguo wa choo ndio haukuonekana. Waziri alisimama mbele ya mlango uliofungwa, mkasi wa kuazima mkononi, akitabasamu mpaka mashavu yakaanza kutetemeka. Mtu mzito haondoki bila kuzindua. Akaona mlango mwingine ulio wazi, akaingia, na nchi ikamfuata.

"Hapa mnafanya nini, mama majani?" akauliza. Wakubwa wote walimwita hivyo Sikudhani, miaka nenda miaka rudi.

"Tunajaribu miti, Mheshimiwa. Tunaangalia kama inaua seli za saratani."

"Na inaua?"

"Mingi haiui. Huu umeua."

Kamera zikasogea. Waziri akasogea mbele ya kamera.

"Umeua seli za saratani?"

"Umeua seli za saratani, Mheshimiwa, na seli nzima."

Sikudhani alikuwa na maana ya seli zisizoumwa, kama vile watu wanavyoulizana asubuhi, "U mzima?" Lakini Mheshimiwa Mavumo hakuwa na mazoea ya kusalimia watu. Alikuwa na mazoea ya kula kuku. Kwake yeye, nzima ni kinyume cha nusu.

"Seli nzima!" akapaaza sauti. "Ndugu wananchi, mmesikia kwa masikio yenu! Wenzetu huko ng'ambo, na mahela yao, dawa zao zinaua robo seli. Wakijitahidi sana, nusu! Sisi, kwa mti wetu, kwa mtaro wetu, kwa harufu yetu wenyewe, tumeua nzima!"

Makofi yakapigwa. Mkurugenzi wa Taasisi, ambaye hakuwahi kuingia chumba hicho, akalia machozi.

"Yaani, Mheshimiwa," Sikudhani akaanza, "nzima ni zile—"

"Unaitwa nani, mama?"

"Sikudhani."

"Hata mimi sikudhani!" Waziri akacheka, na kwa kuwa yeye kacheka, kikawa kicheko cha kitaifa. "Basi kuanzia leo wewe ni Profesa Sikudhani. Na chumba hiki kina joto, hakimfai profesa. Kesho kifungwe kiyoyozi!"

Mdomo wa Sikudhani ulikuwa wazi. Neno lilikuwa mlangoni, limevaa viatu, linasubiri kutoka. Lakini alikuwa ameomba feni tangu alipoajiriwa, feni tu, hata ya mezani, akaambiwa majani hayatoki jasho. Leo watu wote wale wenye tai walikuwa wanamtazama kama mtu. Akaufunga mdomo.

"Nitamwambia kesho," akajisemea moyoni, "watu wakipungua."

Katika Nchi Ile, watu wa kumzunguka Waziri hawakupungua kamwe.

*

Kiyoyozi kikaja kweli. Sikudhani akavaa sweta. Kilikuwa na mngurumo wake kile chombo, na kila akikisikiliza aliona kinamsengenya: nzzzima, nzzzima, nzzzima.

Huko nje mambo yalikwenda mbio. Mkimbizambuzi ukabadilishwa jina, ukaitwa Mti wa Uzima. Ukazungushiwa senyenge, ukawekewa askari wa kuulinda dhidi ya mbuzi, ambao hawakuwa na nia hata kidogo. Ikapigwa marufuku kuonja dawa kabla ya siku ya uzinduzi, na kwa mara ya kwanza marufuku ya serikali iliwasaidia watu, ingawa haikukusudia.

Kisha Wizara ikafunga wodi ya saratani. Ilielezwa redioni kwamba kuendelea kulaza wagonjwa wa ugonjwa ulioshindwa ni kuitukana sayansi. Wagonjwa wakapewa cheti cha pongezi na kipande cha sabuni. Vitanda vikapakiwa kwenye lori kwenda kutengeneza jukwaa la uzinduzi, kwa kuwa viti vilikuwa haba.

Na katika wodi ile alikuwemo Bi Mize, shangazi yake Sikudhani.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa kushona mikeka na kushona watu kwa maneno. Alipogusa uvimbe kwenye titi lake hakusubiri. "Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema, akajifunga kanga akaenda hospitali kwa miguu yake. Akawekewa dripu. Dripu ikamng'oa nywele, ikamtapisha, ikamchukiza pilau. Lakini uvimbe nao ulikuwa umeanza kunywea, na daktari, kijana asiyecheka, siku moja alimminya pale titini akacheka. Halafu ndipo likaja lori la kuchukua vitanda.

Sikudhani akaenda kumwona nyumbani. Alikuwa amejiapiza njiani: leo nasema.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Profesa!" Bi Mize alikuwa ukumbini, kichwa kitupu kinang'aa, ukili wa mkeka umejaa mapajani. "Jamani, nakufa na raha zangu! Kaa. Kuna muhogo wa nazi humo, jipakulie. Au maprofesa hawali muhogo?"

"Nakula, shangazi. Shangazi, dripu—"

"Nimeiachisha ziwa. Nikachomwe sindano za wageni wakati dawa imetoka mikononi mwa mwanangu? Watanionaje mtaani? Jirani Mwanamvua kaniuliza juzi msibani, ati, 'Huyo Profesa wa kwenye televisheni ni yule wako aliyekuwa akikojoa kitandani?' Nikamwambia ndiye huyo, na mkojo wenyewe ulikuwa majaribio!"

Akacheka mpaka ukili ukaanguka. Sikudhani naye akacheka, hakujua kicheko kimetoka wapi.

"Wamenichagua," Bi Mize akaendelea, sauti sasa ya siri. "Nitakunywa wa kwanza, jukwaani. Na wewe ndiye utakayeninywesha. Unakumbuka ulivyokuwa ukikataa mwarobaini? Unakaza meno kama mtego. Nikawa naonja mimi kwanza, kila kikombe. Nilikwambia nini?"

"Mwenye kunywesha huonja."

"Mwenye kunywesha huonja. Ndiyo maana mimi meno meusi, wewe meno meupe." Akamgusa shavu. "Mbona mkono wa baridi hivi?"

"Ni kile kiyoyozi, shangazi."

"Kile kitakuua. Kula muhogo."

Sikudhani akala muhogo. Ulikuwa mtamu, na kila tonge liliposhuka lilikutana na lile neno linalopanda, likalirudisha chini. Akaaga. Njiani alijiambia kwamba mgonjwa hapewi habari mbaya akiwa anacheka, si adabu. Alijua anajidanganya. Alijua pia kwamba uvimbe hausubiri adabu ya mtu.

*

Akaenda Wizarani. Pale palikuwa na Idara ya Yaliyosemwa, na kwenye meza ya idara hiyo alikaa Bwana Shekue, mtu mpole, anakunywa chai ya tangawizi.

"Nimekuja kurekebisha jambo lililosemwa," Sikudhani akasema.

"Lililosemwa na nani?"

"Na Mheshimiwa Waziri."

"Hayo hayarekebishwi, Profesa. Hufafanuliwa."

"Basi naomba mfafanue. Seli nzima maana yake ni zile zisizoumwa. Dawa ile inaua zote, mbovu na nzima. Haichagui. Mtu akinywa, itamdhuru."

Bwana Shekue akaweka kikombe chini, akafikiri kwa huruma.

"Mheshimiwa aliposema, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisemaje?"

"Nilinyamaza."

"Basi ulisema ndiyo." Akachukua tena kikombe. "Na kiyoyozi, kinafanya kazi?"

"Kinafanya."

"Alhamdulillahi. Kipunguze kidogo lakini. Naona unatetemeka."

Usidhani hawakumsikiliza. Walimsikiliza sana. Malalamiko yake yakapanda ngazi hadi juu kabisa, na huko wakubwa wakakubali kwamba kweli neno hili lina maana mbili, na kwamba ni hatari kwa usalama wa taifa neno moja kukaa na maana mbili wakati wananchi wengine hawana hata moja. Jioni redio ikatangaza: kuanzia sasa hadi uzinduzi upite, "mzima" na jamaa zake wote watakuwa na maana ya kukamilika tu. Atakayelitumia kwa maana ya afya atakuwa ameivunja lugha, na atachapwa fimbo.

Tabu ikaanzia kwenye salamu. Watu hawawezi kuacha kusalimiana, na salamu za Nchi Ile bila uzima haziendi. Ungesikia sokoni:

"Wazima huko kwenu?"

"Tumekamilika. Hakuna aliyepungua kidole."

"Na mjukuu wangu, mume wangu mdogo, mzima?"

"Mzima isipokuwa jino moja, lilitoka Ramadhani."

Watoto walifurahi sana, wakawa wanahesabiana masikio njia nzima ya kwenda shule. Sikudhani akipita, watu walimwamkia kwa furaha, "U mzima, Profesa?" Naye akajikuta anajitazama mikono, kisha anajitazama ndani, anaharakisha hatua.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ukajaa. Waheshimiwa walipangwa jukwaani juu ya vile vitanda vya wodi, vimetandikwa zulia, wamekaa miguu inaning'inia kama wanaosubiri kudungwa. Katikati alikaa Mheshimiwa Mavumo. Mbele yake kulikuwa na pipa la maji ya kijivu na kikombe cha kaure. Upepo ukivuma kutoka kwenye pipa, walinzi walikunja pua wakakumbuka mbuzi.

"Ndugu wananchi!" Waziri akanguruma kwenye kipaza sauti. "Historia ina kurasa, na leo tumeikalia! Kuna nchi zina hospitali. Kuna nchi zina madaktari. Sisi hatuna haja! Tuna mti! Leo nchi nzima itakunywa, na kesho nchi nzima itaamka, na isipoamka, tutaunda kamati!"

Bi Mize akapandishwa, kanga mpya kichwani. Wagonjwa wenzake wa wodi walikuwa safu ya mbele, kila mmoja na kikombe chake cha kutoka nyumbani. Sikudhani akakabidhiwa kikombe cha kaure kimejaa.

Alikuwa na mpango. Alipanga kukidondosha. Lakini alitazama pipa, akaona kwamba kikombe kikivunjika vipo vingine. Alipanga kuzungumza, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Waziri, na Waziri hakuwahi kuonekana akikiachia. Miguu ikampeleka mbele. Mkono ukanyooka wenyewe. Na angempa. Hilo ndilo alilokuja kulitafuna baadaye kila siku: kwamba pale, mkono wake ulikuwa unampa.

Bi Mize hakupokea.

"Mbona una haraka?" akasema, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja wote ukamsikia. "Umesahau malezi? Onja kwanza."

Watu wakacheka kwa mapenzi.

"Mila safi hiyo!" Waziri akadakia. "Onja, Profesa. Itifaki inaruhusu."

Sikudhani akakileta kikombe mdomoni. Ile harufu ikampanda. Akaona visahani viwili, kimoja kimya na cha pili kimya. Akaona kichwa cha shangazi chini ya kanga mpya, na yale meno meusi yakimchekea, meusi kwa ajili yake. Akajaribu kufungua midomo. Meno yakajikaza kama mtego.

"Chungu?" Bi Mize akauliza kwa upole. "Kunja uso, umeze. Nilimeza mangapi mimi?"

"Siwezi, shangazi."

"Kwa nini?"

"Mimi ni mzima."

Neno likaingia kwenye kipaza sauti, likatoka upande wa pili kubwa kuliko yeye.

"Kasemaje?" akauliza mtu wa nyuma.

"Kasema yeye mzima."

"Mzima wa kukamilika?"

"Mzima wa afya, wewe! Haumwi! Haumwi ndiyo maana hanywi!"

Halafu uwanja ukaanza kuhesabu kwa vidole: dawa inaua seli za saratani, na seli... nzima. Aaa.

"Mmemsikia!" Waziri akaruka. "Profesa ni mzima! Hakupungua hata ukucha!" Akapiga makofi. Alipiga peke yake kwa muda, mpaka naye akasikia mlio wa mikono yake mwenyewe.

Bi Mize hakumtazama Waziri. Alikuwa anamtazama mwanawe.

"Ulijua."

"Nilijua, shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Kabla sijafungasha ndoo yangu wodini?"

"Kabla."

"Na ulipokuja kwangu ukala muhogo?"

Sikudhani akainama. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye kikombe. Bi Mize akakichukua kikombe kile mkononi mwake, akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha kuazima. Kisha akageuka kwa wakubwa.

"Samahani, Mheshimiwa. Inuka."

"Mimi?"

"Hicho ulichokalia ni kitanda changu. Kile chuma cha kichwani kina alama ya hina, niliipaka mwenyewe nisikipoteze. Inuka, baba. Nina dripu."

Waziri akainuka. Pengine ni mshangao, pengine ni vile kila mtu aliyelelewa huinuka akiambiwa na mwanamke wa umri ule. Ikawa kama ufa kwenye bwawa. Safu ya mbele yote ikapanda jukwaani. "Hiki changu, godoro lina kiraka." "Hiki changu, kinalia upande wa kushoto, jaribu uone." Waheshimiwa wakabaki wamesimama, wakashikilia zulia, na vitanda vikatoka uwanjani mabegani mwa watu, kuelekea hospitali.

*

Wizara haikushindwa. Ilitangaza kwamba kampeni imevuka malengo, kwa kuwa vitanda vimerudishwa wodini bila serikali kugharamia lori. Ile dawa ilizinduliwa upya kama dawa ya kusafishia choo cha Taasisi, ambacho ufunguo wake unatafutwa hadi leo. Mheshimiwa Mavumo alipandishwa cheo, akapewa Elimu.

Sikudhani hakuadhibiwa. Alingoja, hakuna aliyekuja. Alivuliwa nini? Hakuna. Aliitwa Profesa kama kawaida, akapewa na nishani ya ukweli, yenye utepe. Akakifungua kile kiyoyozi akakipeleka wodini. Wagonjwa wakaomba kitolewe, wanasikia baridi.

Bi Mize amerudi kwenye dripu. Uvimbe uliitumia vizuri likizo ile. Daktari humminya pale titini, wala hacheki wala hakunji uso, anasema tu, "Tutaona, bibi." Hakuna anayejua kitakachoonekana.

Kila siku baada ya kazi Sikudhani huenda kukaa kwenye kigoda kando ya kile kitanda chenye hina. Bi Mize hajamsema neno. Angemsema, ingekuwa nafuu. Humtazama tu akiingia, akainua ule mkono usio na sindano, na bila kujali marufuku ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, humwamkia kwa sauti ambayo wodi yote inaisikia:

"U mzima, mwanangu?"

Na mkemia yule, ambaye analijua neno hilo kuliko mtu yeyote katika Nchi Ile, hutafuta jibu asilipate. Hutoa chungwa kwenye mkoba, akalimenya, akaonja kipande cha kwanza, ndipo akampa.